Kijana wa unga: Mgonjwa wa kliniki au mshtakiwa wa korti?

NA MWANDISHI WETU

KILA siku asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, watu hupanga foleni mapema katika kliniki za methadoni za Malindi na Kisauni. Hawana homa wala hawakuvunjika mifupa. Wengi wao ni wanaume, na wanawake wachache. Mmoja mmoja hufika dirishani, hutambuliwa, hupewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji na kuinywa papo hapo mbele ya mhudumu. Husema neno moja au mawili ili ihakikishwe kwamba ameimeza, kisha huenda zake. Shughuli yote ni ya dakika chache, lakini ni ya kila siku, na siku ikikosekana mwili unajua.

Hospitali hizo ni za serikali, na dawa inayonywewa hapo imeingia nchini kwa idhini ya serikali. Kituo cha polisi kilicho mtaa wa pili nacho ni cha serikali, na ndani ya seli zake aghalabu hukosi kumkuta kijana aliyeshikwa na kete ya unga mfukoni, au na sindano tu.

Hivyo basi mtu mmoja anaweza kuwa mgonjwa saa mbili asubuhi na mshtakiwa saa kumi na mbili jioni, chini ya serikali ile ile. Wataalamu wa afya wamelisema jambo hili kwa miaka mingi. Ni jambo lenye madhara yanayoweza kupimwa, na baadhi yake huishia mochari.

Sheria inayotawala mambo haya ilipitishwa mwaka 1994, miaka miwili baada ya Kenya kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya ulanguzi wa mihadarati. Sheria iliyokuwepo kabla yake ilikuwa ya enzi za ukoloni, na hii mpya ikaja na rungu zito. Mlanguzi alikabiliwa na kifungo cha maisha pamoja na faini isiyopungua Sh1 milioni, au mara tatu ya bei ya dawa alizopatikana nazo. Aliyeshikwa na bangi ya kuvuta mwenyewe alingojewa na miaka 10. Aliyeshikwa na unga, hata akiithibitishia korti kwamba ni wa matumizi yake peke yake, miaka 20.

Msomaji na aangalie vizuri adhabu hiyo ya mwisho. Ni ya mtu ambaye korti yenyewe imekubali kwamba hauzi, anatumia tu.

Kuna kifungu kingine kisichozungumzwa sana. Kuwa na chombo cha kutumia mihadarati, kiwe kibomba au kingine chochote, ni kosa lenye faini ya Sh250,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Tutarudi kwake tutakapofika kwenye sindano.

Kwa haki, sheria hiyo haikuwa ya jela tupu. Iliagiza pia kuwepo vituo vya matibabu na kurekebisha watumiaji, na ikampa hakimu uwezo wa kumpeleka mtu huko. Taabu ni kwamba kwa miaka mingi vituo hivyo vya serikali vilibaki kwenye karatasi. Mzazi wa Pwani aliyekuwa na mtoto wa unga alitegemea mashirika ya wananchi, kama vile Omari Project iliyoanzishwa eneo la Malindi mwaka 1995, ama alimfungia mwanawe chumbani na kumwomba Mungu. Shirika la NACADA liliundwa mwaka 2001, likapewa nguvu zake za kisheria mwaka 2012, na leo lina kituo chake Miritini, Mombasa.

Mwaka 2022 Bunge liliifanyia marekebisho sheria ya 1994. Adhabu zilipangwa upya kufuatana na uzito wa dawa, mvutaji bangi akapunguziwa mzigo, na afisa wa usalama anayeshirikiana na walanguzi akatengewa adhabu yake. Hata hivyo, msingi ulibaki ule ule. Kutumia ni kosa la jinai.

JAHAZI

Unga ulianza kuonekana Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980. Siku hizo ulikuwa wa rangi ya kahawia. Watumiaji waliuchoma juu ya karatasi ya foili na kuvuta moshi wake, au waliuchanganya na bangi katika msokoto walioubandika jina la kokteli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe. Huu hauchomeki vizuri, lakini huyeyuka kwa urahisi ndani ya maji. Mabadiliko hayo ya bidhaa, ambayo hakuna mtumiaji wa Malindi aliyeulizwa maoni yake juu yake, ndiyo yaliyoleta bomba la sindano katika maskani za Pwani.

Bidhaa yenyewe inatoka mbali. Afyuni hulimwa Afghanistan, na unga hupakiwa kwenye majahazi katika pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, kisha huteremshwa Bahari Hindi kwa kile ambacho polisi wa kimataifa hukiita njia ya kusini. Sehemu kubwa haikusudiwi kubaki kwetu. Inapita kwenda Ulaya na kwingineko. Lakini mwenye kupitisha mzigo hulipa wasaidizi wake kwa sehemu ya mzigo huo huo, na wasaidizi hao hawana wa kumuuzia isipokuwa vijana wa mtaani kwao.

Ukubwa wa biashara hii ulionekana Aprili 2014, manowari ya Australia ilipolisimamisha jahazi katika bahari iliyo mbali na pwani ya Kenya na kutoa zaidi ya tani 1 ya heroini. Agosti mwaka huo serikali ya Kenya ililipua meli baharini nje ya Mombasa ikiwa na heroini kilo 377, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akishuhudia. Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha ya Mombasa walisafirishwa hadi Marekani. Walikiri mashtaka, na mahakama ya New York ikamfunga Baktash miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwanzoni mwa 2020. Kumbe ilibidi kesi yao imalizwe ng'ambo, maana ya Mombasa ilikuwa imejikokota kwa zaidi ya miaka miwili.

AROSTO

Ili kufahamu kwa nini jela haimponyi mtumiaji wa unga, yafaa kwanza kufahamu unafanya nini mwilini.

Ubongo wa binadamu una sehemu maalum zinazopokea kemikali za kupunguza maumivu, ambazo mwili hujitengenezea wenyewe. Heroini huingia katika sehemu hizo kwa nguvu nyingi mno. Mtu husikia raha na usingizi, na pumzi zake hupungua kasi. Baada ya wiki chache za kutumia kila siku, ubongo hujirekebisha uweze kuishi na mzigo huo. Kutoka hapo mtumiaji hatafuti raha tena. Anatafuta kuwa sawa tu, aweze kuamka na kutembea.

Asipopata, saa nane hadi 12 baada ya dozi ya mwisho arosto huingia. Pua humchuruzika, machozi humtoka, hupiga miayo, nywele za mwili humsimama. Kisha hufuata kutapika, kuendesha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kupita zote, na kwa kawaida baada ya wiki moja hali hutulia. Arosto yenyewe ni nadra kumwua mtu mzima mwenye afya. Lakini aliyedhoofika, aliyeendesha na kutapika siku tatu katika seli isiyo na maji ya kutosha, huweza kufa kwa kukaukiwa na maji mwilini.

Hatari iliyo kubwa zaidi hujificha mbele. Mwili uliokaa bila unga hupoteza ule uzoefu wa kuuhimili. Kijana anayetoka rumande baada ya wiki tatu na kurudia kipimo chake cha zamani anaweza kuzimika pumzi dakika chache baada ya kujidunga. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba wiki za kwanza baada ya kutoka jela ndizo zenye vifo vingi zaidi kwa watu hawa. Jamaa husema aliwekewa sumu. Aghalabu unga ulikuwa ule ule aliouzoea, ila mwili haukuwa ule.

Pwani ililiona somo hili kwa macho yake kuanzia Desemba 2010. Mwezi huo Waziri wa Usalama wa wakati huo, Prof George Saitoti, alisoma Bungeni majina ya wanasiasa na wafanyabiashara waliokuwa wakichunguzwa kwa ulanguzi. Msako ukafuata, na unga ukaadimika Mombasa, Malindi na miji jirani hadi miezi ya mwanzo ya 2011. Kwa upande wa polisi huo ulikuwa ushindi. Hospitalini mambo yalikuwa mengine. Mamia ya watu waliingiwa na arosto kwa pamoja, na wauguzi wengi hawakuwa wamefunzwa kuishughulikia. Wengine walijaza pengo kwa pombe, bangi na vidonge vya bugizi. Unga uliporudi, wengi waliurudia.

Wenye kupanga sera walijifunza kwamba bidhaa ikikatwa bila matibabu kuwa tayari, ugonjwa hubaki na kubadilisha sura tu. Yaliyofuata katika miaka michache iliyokuja yana mizizi yake hapo.

SINDANO

Sababu ya pili ilikuwa Ukimwi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2011 ulikadiria kwamba asilimia 18.3 ya wanaojidunga nchini walikuwa na virusi vya Ukimwi, wakati kiwango cha taifa kwa watu wazima kilikuwa asilimia 5.6 katika uchunguzi wa 2012. Wanaojidunga walikadiriwa kuwa watu wapatao 18,000. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa cha juu zaidi ya wanaume, kwa vile wengi wao walikuwa wakiuza miili yao kupata pesa za kete, tena walikuwa wa mwisho kupewa sindano iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine.

Jijini Dar es Salaam watafiti walikuwa wameandika mwaka 2005 juu ya jambo la kutisha zaidi. Mwanamke aliyejidunga alikuwa akivuta damu yake ndani ya bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa ajidunge damu hiyo, kwa kuamini kwamba ina unga wa kutosha kumtuliza arosto. Ilikuwa njia ya kusaidiana. Ilikuwa pia njia fupi kuliko zote ya kuambukizana Ukimwi na homa ya ini aina ya C.

Hivyo mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba sindano safi zitagawiwa kwa wanaojidunga. Kelele zilizopigwa! Baadhi ya maimamu na wachungaji wa Pwani walisema serikali inawafunza vijana kutumia unga. Wasiwasi wao ulikuwa na msingi machoni pa mzazi yeyote, na haufai kudharauliwa. Lakini kugawa sindano hakumwingizi mtu asiyetumia katika utumiaji. Humzuia anayetumia asipate ugonjwa mwingine, na humkutanisha na mhudumu wa kwanza wa afya ambaye hamfukuzi. Miongoni mwa mashirika yaliyobeba kazi hiyo Mombasa lilikuwemo MEWA, ambalo ni shirika la Kiislamu, na baada ya muda baadhi ya viongozi wa dini walianza kulegeza msimamo.

Sasa turudi kwenye kile kifungu cha chombo. Wizara moja ilimkabidhi kijana sindano na kumwambia airudishe ikishatumika ili ichomwe salama. Polisi walio chini ya wizara nyingine waliweza kumshika akiwa njiani kuirudisha na kuitumia sindano hiyo kama ushahidi. Wengi wakaona afadhali kuitupa kichakani au ufuoni, mahali ambapo watoto hucheza.

IJUMAA JIONI

Methadoni ilianza kutolewa na serikali Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka 2015 zikafuata Malindi na Kisauni, na baadaye Kwale, Kisumu na kwingineko. Dawa hii ni ya jamii moja na heroini, lakini hufanya kazi polepole na hukaa mwilini siku nzima au zaidi. Mgonjwa aliyefikia kipimo chake hapati arosto, na halewi. Anaweza kwenda kuvua, kuendesha bodaboda, kulea. Huinywa tu, hajidungi, kwa hiyo mlango wa maambukizi ya damu hufungwa. Wengine huitumia miaka, na hilo si kasoro, kama ambavyo hatumlaumu mgonjwa wa sukari kwa kudungwa insulini mwaka wa kumi.

Masharti yake ni hayo ya kuja kila siku. Mgonjwa akikosa siku moja, hustahimili. Akikosa siku tatu au zaidi mfululizo, daktari hawezi kumpa kipimo chake cha kawaida kwa kuwa huenda kikamwua. Itabidi kipunguzwe, na akikosa zaidi ya hapo aanze karibu upya, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo arosto humrudia, na muuzaji wa kete anajua alipo.

Hapa ndipo kalenda ya polisi na kalenda ya kliniki zinapogongana. Katiba ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati korti zimefungwa, hungojewa siku ya kazi inayofuata. Aliyeshikwa Ijumaa jioni katika msako wa maskani atalala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Dozi ya Jumamosi imempita, na ya Jumapili pia. Jumatatu asubuhi, wenzake wakiwa dirishani, yeye yuko kizimbani anatetemeka, na hakimu asiyejua anaweza kudhani kwamba amelewa. Akikosa dhamana, hesabu inaendelea.

Msomaji atauliza kama sheria haina huruma. Huruma imo. Sheria ya 2014 juu ya watu waliozuiliwa inawapa haki ya matibabu wakiwa rumande au jela. Na mfano mzuri upo papo hapo Pwani, ambapo kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika gereza la Shimo la Tewa. Ikiwa gereza lenye ulinzi mkali limeweza, mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kituo cha polisi kushindwa kumsindikiza mtu mmoja hadi hospitali iliyo kilomita chache, au kumruhusu mhudumu kumletea kikombe. Mara nyingi kinachokosekana ni simu tu kati ya OCS na muuguzi mkuu. Zipo sehemu ambako simu hiyo hupigwa, kwa sababu watu wawili wamefahamiana. Afisa mmoja akihamishwa, makubaliano huhama naye.

MAJIRANI

Kenya haiko peke yake katika mvutano huu. Tanzania ilitutangulia katika matibabu, kwani methadoni ilianza Muhimbili Februari 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015. Uganda ilifungua kliniki yake Butabika mwaka 2020. Lakini Tanzania hiyo hiyo ilipitisha sheria kali mwaka 2015 na kuunda mamlaka yenye uwezo wa kukamata na kupekua. Huko Uganda, Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya mihadarati Mei 2023 kwa kuwa Bunge liliipitisha bila kutimiza akidi. Haikuchukua muda sheria nyingine kuletwa.

Walioamua kwa uwazi zaidi ni Ushelisheli. Visiwa hivyo, vyenye watu wachache, vilikadiriwa kuwa na watumiaji wa heroini 5,000 hadi 6,000 kufikia mwaka 2019. Katika kila ukoo alikuwepo mmoja. Serikali ikasema huu ni ugonjwa sugu, ikapanua methadoni na kuelekeza polisi zaidi kwa waingizaji. Tatizo halijaisha huko, lakini mtumiaji anajua aende wapi.

Wakati huo huo bidhaa zinabadilika tena. Watawala wa Afghanistan walipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaripoti kwamba mashamba yalikuwa yamepungua kwa asilimia 95. Majahazi hayakuacha kuja. Yamechanganya mzigo. Desemba 2023 Tanzania ilitangaza kunasa zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, na Oktoba 2025 jeshi la wanamaji la Kenya lilikamata jahazi lenye zaidi ya tani 1 ya methamfetamini. Dawa hii huchangamsha badala ya kulaza. Humkosesha mtu usingizi kwa siku kadhaa, humfanya aone maadui wasiokuwepo, na huuchosha moyo. Methadoni haiisaidii. Kliniki zetu zimejengwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja, na huenda ugonjwa mwingine uko njiani.

Humu nchini pia hatari si ya unga peke yake. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya watu 500,000 wa kati ya miaka 15 na 65 walikuwa wakitumia bangi, na zaidi ya milioni 3 pombe. Bugizi na vidonge vingine vya usingizi hutoka katika baadhi ya maduka ya dawa bila cheti cha daktari, na anayechanganya bugizi na unga huongeza sana uwezekano wa pumzi kukatika.

Halafu kuna muguka. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta waliupiga marufuku katika kaunti zao wakitaja afya ya vijana. Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria ya taifa, na korti ya Embu ikazisimamisha. Mama wa Likoni aliyekuwa akifuata habari hizo alikuwa na haki ya kuuliza ni serikali ipi kati ya hizo mbili inayojua afya ya mwanawe. Wakulima wa Embu nao wana karo za kulipa. Mzozo huo hautatatuliwa kwa amri ya wikendi moja.

FEDHA

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma nyingi za Ukimwi zilizoegemea fedha hizo ziliyumba, za watumiaji wa mihadarati zikiwemo. Wahudumu wa mitaani, ambao wengi wao ni watumiaji wa zamani na ndio wanaomfahamu kila mtu maskani, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupoteza kazi. Katika muda wote wa miaka hii polisi, korti na magereza yamelipwa na Hazina yetu wenyewe, huku sehemu kubwa ya kliniki na sindano ikilipwa na wageni. Mwenye kutaka kujua sera halisi ya nchi na atazame bajeti kabla ya kusoma hotuba. Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya pombe na mihadarati, na mjadala wake karibu wote ukaenda kwenye pendekezo la kupandisha umri wa kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Methadoni haikusikika katika mabishano ya redioni.

Kwa walio na mgonjwa nyumbani, kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja sera.

Ukimkuta mtu wa unga haamki ukimwita na kumsugua kifuani, pumzi zake ni chache au anakoroma ajabu, midomo imekuwa ya buluu na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, amezidisha. Usimnyweshe maziwa, yatampalia. Usimmwagie maji na kumwacha, wala usikubali mtu amdunge maji ya chumvi. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu ili asikabwe na matapishi, na mkimbize hospitalini. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoirudisha pumzi kwa dakika chache. Hata akizinduka na kukasirika, asiruhusiwe kwenda zake, kwani naloksoni huisha nguvu kabla ya unga na anaweza kuzimika tena.

Anayetaka kuacha asifungiwe chumbani. Apelekwe katika hospitali ya kaunti aulizie kliniki ya methadoni, au jamaa wapige nambari 1192 ya NACADA, ambayo haitozwi pesa.

Na aliyekwisha kuingia kwenye matibabu, nyumbani wajue jina la kliniki yake, nambari yake ya mgonjwa na simu ya kliniki. Akishikwa, mtu wa nyumbani aende kituoni usiku huo huo, aombe kuzungumza na OCS na kumweleza kwamba aliye ndani yuko kwenye dawa ya kila siku, kisha aipigie kliniki asubuhi ya kwanza. Ni vyema jambo hilo liandikwe katika kitabu cha matukio na mtu wa nyumbani apewe nambari yake. Jumatatu ikifika kabla mgonjwa hajanywa dawa, nambari hiyo aonyeshwe hakimu.